Tulilala kwenye RV (gari lenye nyumba ndani) Ziwa Pyramid, Nevada, kwa Wapaiute: maoni yangu

Nyota nne na nusu kwa tano, na hiyo nusu nimeikata sababu ya upepo tu, watu wa pale sina neno nao. Kama uko California ya kaskazini au Nevada na umechoka kwenda Lake Tahoe kuzunguka saa nzima unatafuta parking na mtoto analia nyuma, soma hii mpaka mwisho.

Sehemu yenyewe ni kambi ya RV ya kabila la Wapaiute wa Pyramid Lake, wenyeji wa asili wa Marekani, iko upande wa magharibi wa ziwa. Kutoka Reno ni chini ya saa moja. Unapita Sparks unashika barabara ya 445, maduka yanaisha, nyumba zinapungua, mara hamna kitu kabisa, vilima vya kahawia na vichaka vya kijivu mpaka unaanza kuangalia GPS kwa wasiwasi, halafu unamaliza mlima wa mwisho na ziwa linakutokea lote kwa mpigo. Baba Salma ni dereva wa lori, barabara kuu ya I-80 anaipita kila leo, na alikuwa hajui kama nyuma ya ile milima kuna maji ya ukubwa ule. Karibu kilomita za mraba 480 yani, na kina kinapita mita 100. Rangi yake inabadilika siku nzima, asubuhi bluu iliyokolea, mchana inaingia kijani, jioni sijui niite rangi gani. Hakuna mto unaotoka, maji yakishaingia hapo njia ya kuondoka ni jua tu, ndo maana yana magadi na chumvichumvi, ingawa chumvi yake ni kama moja ya sita tu ya bahari.

Sasa kambi. Usitegemee mambo makubwa. Ni saiti za RV zenye kokoto, unaunganisha umeme, maji na bomba la maji machafu, unafungua kiti chako unakaa. Miti ya kivuli ni ya kuhesabu kwa hiyo kama RV yako haina turubai la pembeni njoo na lako. Hakuna bwawa la kuogelea, hakuna mgahawa wenye muziki, hakuna mtu wa kukuletea ratiba ya michezo ya watoto. Salma alivyoshuka swali lake la kwanza lilikuwa waifai, nikamwambia mama, angalia ziwa. Mtandao wa simu unakuja na kuondoka kulingana na umesimama wapi, ukifuata mwambao kwenda kaskazini unakata kabisa, kwa hiyo ramani pakua ukiwa bado mjini.

Bei siandiki maana inabadilika kwa msimu na siku, piga simu au angalia kwao wenyewe. Nitasema tu kwamba tulivyolipa hatukuumia.

Kitu ambacho wengi hawakielewi wakija: lile ziwa lote, maji na ufukwe, liko ndani ya ardhi ya kabila. Sio hifadhi ya serikali kuu, sio ya jimbo la Nevada. Sheria zao, vibali vyao, askari wao. Kwa hiyo kuvua, kuweka boti, kushinda ufukweni au kulala huko kwenye mchanga, vyote vina kibali cha kabila na unakikata mtandaoni au kwenye maduka ya pale karibu. Leseni ya uvuvi ya jimbo la Nevada haina kazi huko, hata uwe nayo ya mwaka mzima. Na kibali cha kuvua sio kibali cha kulala, soma unacholipia. Kabila likiamua kufunga, linafunga, kama 2020 wakati wa korona walivyowazuia wageni kuja ziwani ili kulinda wazee wao, na hakukuwa na wa kuwauliza.

Na kwa maoni yangu hii ndo sababu pale pako vile palivyo. Hebu fikiria. Mto Truckee unatoka Lake Tahoe, unashuka unapita katikati ya Reno, unakuja kuishia Pyramid. Maji ni yaleyale. Kule juu unakotoka kuna mahoteli, kasino, majumba ya matajiri yameziba ufukwe mpaka uende sehemu maalumu ndo uguse maji. Huku chini unakoishia unasimama ufukweni unageuza shingo kushoto na kulia na jengo unaloliona ni moja moja, mwambao mwingine wote ni mawe na mchanga. Kwenye jimbo lile la Nevada, na ziwa zuri vile karibu na mji, unadhani wajenzi hawajalitamani? Limebaki hivyo kwa sababu wenyewe wamelishikilia.

Na hawakulishikilia kirahisi. Tulienda makumbusho yao pale Nixon, upande wa kusini wa ziwa, nendeni jamani, ni ndogo lakini mtatoka mmejifunza. Mwaka 1905 serikali ilimaliza bwawa la Derby kwenye mto Truckee, maji mengi yakageuzwa na mfereji yakaenda kumwagilia mashamba ya huko Fallon. Ziwa likaanza kushuka. Kufika 1967 lilikuwa limeshuka zaidi ya mita 24, na ziwa la pili la jirani, Winnemucca, lilikuwa limekauka tangu miaka ya 1930, leo ukipita ni uwanja mweupe tu wa vumbi. Mdomo wa mto ukajaa mchanga, samaki wakashindwa kupanda kwenda kutaga. Ile trauti yao kubwa ya Lahontan (aina ya samaki), ambayo mwaka 1925 alivuliwa mmoja wa ratili 41, yani kilo 18 na nusu, kufika miaka ya 1940 ilikuwa imeisha ziwani. Imekwisha. Kabila likaingia mahakamani miaka nenda rudi wakidai maji ya samaki wao, mpaka bwawa la Stampede huko juu California maji yake yakatengwa kwa ajili ya samaki, na 1990 bunge la Marekani likapitisha sheria ya makubaliano ya mto huo.

Halafu sikilizeni hii. Miaka ya 1970 kwenye kijito kidogo cha mlima Pilot Peak, mpakani mwa Utah na Nevada, wakagunduliwa trauti ambao zamani mtu aliwapandikiza huko, na vipimo vya vinasaba baadaye vikaonyesha ni uzao ule ule wa Pyramid. Wakazalishwa, na kuanzia 2006 wakarudishwa ziwani. Leo watu wanasafiri kutoka majimbo ya mbali kuja kuwafuata. Kuna mwingine anaitwa kuyuyi, wao wanaandika cui-ui, duniani kote anapatikana kwenye maji yale tu, anaishi zaidi ya miaka 40, na ndiye aliyekuwa chakula cha Wapaiute wa hapo toka enzi na enzi. Huyo kumvua ni marufuku, ukimnasa kwa bahati mbaya rudisha majini haraka.

Basi msimu wa kuvua trauti unafunguliwa tarehe 1 Oktoba mpaka mwisho wa Juni, na sisi tulienda Aprili. Hapo nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona popote. Alfajiri, bado giza giza, nimetoka na kikombe cha chai, ufukweni kuna mstari wa watu wamesimama juu ya ngazi. Ngazi hizi hizi za fundi rangi. Ngazi iko ndani ya maji, mtu yuko juu yake, amevaa suruali ya mpira mpaka kifuani, anarusha ndoano. Nikafikiri labda kuna mashindano. Kumbe ndo mtindo wa pale, kwa sababu ardhi chini ya maji inaenda tambarare halafu inakatika ghafla kuingia kilindini, na trauti wanapita kwenye huo ukingo, sasa mtu akisogea mpaka ukingoni maji yanamfika kifuani na ni ya baridi ya kufa, juu ya ngazi anakuwa mkavu, anarusha mbali na anaona vizuri. Jirani yetu, mzee kutoka Oregon, ngazi yake alikuwa ameifungia kiti cha kuzunguka, kibao cha kuwekea kahawa na kishikio cha fimbo ya kuvulia, yani ofisi kabisa. Anakaa humo kuanzia kiza mpaka saa nne, hasemi kitu. Akipata samaki anashuka taratibu, analowesha kidogo mkono wake kwenye maji kwanza ndo amshike, anampima kwenye rula, anamwachia. Kuna vipimo vya samaki wa kuruhusiwa kuondoka naye na askari wa kabila wanapita kukagua, ila yeye anasema hajala samaki wa pale hata mmoja, anakuja kuwaona tu. Wazungu bwana.

Huyo mzee ndo alinusa pilau yangu siku ya pili akaja na sahani yake mwenyewe mkononi. Nikampa. Kesho yake akampandisha Salma kwenye ngazi akamfundisha kurusha, hakupata kitu lakini alishuka hataki tena kusikia habari za waifai.

Kimya cha pale nikielezee. Mchana unasikia upepo, maji, na mara moja moja boti. Usiku hata hivyo vinapungua, baada ya saa nne kambi nzima imelala, jenereta hakuna sababu ya kuwasha maana umeme upo, hakuna mtu wa kufungulia redio. Usiku wa kwanza sikupata usingizi, nilishazoea honi na ving'ora vya Sacramento, nikawa nasikia friji inavyojizima na kujiwasha. Nyota ni nyingi mno, ingawa upande wa kusini magharibi mbingu ina mwanga hafifu wa Reno, kwa hiyo ukitaka kuangalia vizuri geukia kaskazini.

Haya upepo. Ule upepo una tabia mbaya. Asubuhi ziwa limetulia tuli, saa nane mchana bila taarifa unakuja kutoka milimani na kila kitu chepesi kinaondoka. Turubai la jirani wa upande wa pili lilipinda chuma mbele ya macho yetu. Kanuni ya pale ni ukitoka kwenye saiti kunja kila kitu, hata kama mbingu ni nyeupe. Na wenye boti ndogo au kayaki msivuke ng'ambo kwa sababu tu asubuhi maji yametulia, mawimbi ya pale yanainuka haraka na maji ni baridi.

Halafu hali ya hewa kwa ujumla. Ni jangwa la juu, mwinuko wake ni kama wa Dodoma tu, mita 1,150 na ushee, lakini baridi ya usiku Aprili Dodoma haina. Mchana fulana, usiku blanketi mbili. Ngozi inakauka mpaka inapasuka, na ukiingiza miguu ziwani ikikauka inabaki na unga mweupe wa magadi. Beba mafuta ya kutosha, mimi nilimaliza chupa nzima ya mafuta ya nazi kwa familia. Midomo pia msisahau.

Kuhusu kulala ufukweni badala ya kambini: inaruhusiwa kwa kibali, na wengi wenye RV wanapenda kwa sababu unaamka maji yako mlangoni. Ila hamna umeme wala maji, na mchanga wa pale ni mwongo. Juu unaonekana mgumu, chini laini. Jioni moja tulitembea tukamkuta jamaa na RV kubwa ya tani sijui ngapi imezama mpaka ekseli, kila akikanyaga mafuta inashuka zaidi, mkewe amekaa pembeni kwenye ndoo kanuna. Baba Salma akamwambia kaka acha kukanyaga, toa upepo kwenye matairi kwanza, wakachimba, wakaweka mbao, wapi. Askari wa kabila akaja na gari lake, inaonekana amezoea maana hakuuliza hata imekuwaje, akaangalia tu akapiga simu ya gari la kuvuta. Hilo gari la kuvuta kutoka mjini mpaka kule bili yake unaweza kulala kambini kwenye saiti ya umeme wiki na chenji ikabaki. Kama huna four-wheel na uzoefu wa mchanga, kaa kambini.

Kuna sehemu hamuendi. Ile piramidi yenyewe, jiwe kubwa lililomfanya Frémont, mpelelezi wa jeshi la Marekani, aliite ziwa jina hilo alivyopita Januari 1844, iko ng'ambo ya mashariki pamoja na Mama wa Jiwe, mwamba wenye umbo la mwanamke aliyekaa na kapu lake. Kwa simulizi za Wapaiute huyo ni mama aliyewalilia watoto wake waliotawanyika, na machozi yake ndo ziwa. Eneo hilo limefungwa kwa wageni kwa sababu watu walikuwa wanakwenda kuchora na kuharibu. Mnaona kwa mbali, inatosha. Na ile miamba mingine ya chokaa mtakayoikuta ufukweni, ile yenye mafundo na mashimo, ilijijenga pale chemchemi za chini zilipokutana na maji ya ziwa, msimruhusu mtoto aipande wala kumegua kipande. Kisiwa cha Anaho nacho hakikanyagwi, ni hifadhi ya ndege tangu 1913, mwari weupe wanazalia humo kwa maelfu. Msione vibaya, wenyewe mtawaona wakipita juu ya RV kila asubuhi, wamejipanga mstari, wakubwa, mabawa hawayapigi.

Niliona mtu mmoja analalamika kwamba wahudumu wa kabila "hawachangamki". Sijui alitaka wamchezee ngoma. Sisi tulisalimia, tukasalimiwa, tukauliza, tukajibiwa kwa upole na kwa maneno machache, basi. Tumezoea Marekani mtu wa kaunta akuulize siku yako inaendaje huku haimhusu. Pale wanakupa ramani, wanakuonyesha kwa kidole wapi pamefungwa, wanakuacha. Na ukishasoma kwenye makumbusho habari za 1860, wasichana wawili wa Kipaiute walivyotekwa na wazungu wa kituo cha Williams, ndugu zao wakaenda kuwakomboa, kisha wanamgambo wakaja na bunduki kulipiza na Numaga, kiongozi wa Wapaiute, na watu wake wakawapiga vibaya karibu na ziwa hapohapo, unaelewa kwamba wale ni watu wa kwao wanakupokea nyumbani, sio wafanyakazi wa hoteli.

Lawama yangu kubwa ni kwa kampuni iliyotukodishia RV, jina silitaji. Friji haikugandisha, mpira wa maji waliotupa ulikuwa mfupi kuliko umbali wa bomba kwenye saiti yoyote ya kawaida, na kwenye makabati hakukuwa na hata kile kifaa cha kupunguza presha ya maji. Mnaokodisha, kabla hamjatoka kwenye yadi yao washeni friji, vuteni mipira yote mipime, ombeni na adapta ya umeme ya kubadilisha kutoka ampia 50 kwenda 30. Wakisema "vyote vimo ndani" waambieni waonyeshe.

Kwenda lini: Aprili na Mei kama unapenda samaki na mwari na unavumilia upepo. Septemba katikati na Oktoba nasikia patulivu zaidi na ndo tunapanga kurudi. Julai ni joto lakini maji yanaogeleka. Wiki ya mwisho ya Agosti mpaka Labor Day (sikukuu ya wafanyakazi, Jumatatu ya kwanza ya Septemba) kaeni mbali na barabara ya 447, ndo magari ya Burning Man, lile tamasha kubwa la jangwani, yote yanapita Wadsworth na Nixon kwenda Gerlach, foleni ya kilomita na kilomita ya mabasi na baiskeli zimefungwa nyuma. Ingawa wapo wanaoifurahia, maana wenyeji wanaweka meza barabarani wanauza taco za mkate wa kukaanga, ule mkate ukiuuma unasema huu ni andazi jamani, nani kaliweka maharage.

Vyakula nunueni Sparks, pale ziwani maduka ni madogo na yanafungwa mapema. Mafuta ya gari jazeni huko huko. Kama mnatokea I-80 mashariki, shukeni Wadsworth mpandie Nixon, makumbusho mnayaanza njiani, ila simu pigeni kwanza muulize siku wanazofungua.